Usichague Mwezi wa Ulaya Ukiwa Mgori

Iko siku moja naikumbuka kila ninaposikia mtu akitaja safari ya Ulaya, na jana umenikumbusha kwa nguvu, mwanangu Zaituni. Umeingia, umenipa shikamoo, hata maji hujanywa, umeshanionyesha simu: tiketi za mwezi wa kwanza ni rahisi, na tena utapiga picha kwenye theluji. Jana nilikuwa na hasira. Leo nimetulia kidogo, basi kaa usikilize, na hiyo simu iweke kando.

Nilikuwa kijana wa umri wako, katibu wa kikundi chetu cha wafuga nyuki hapa Mgori. Katika kikundi kizima ni mimi peke yangu niliyekuwa nimemaliza kidato cha nne, kwa hiyo kila barua niliisoma mimi na kuijibu mimi. Nilijiona mtu mkubwa sana. Ikaja barua kutoka Ujerumani, ya mfuga nyuki mmoja aliyewahi kuutembelea msitu wetu. Alisema atamgharamia mtu mmoja aende kwao kujifunza kulea malkia wa nyuki, yule ambaye kundi zima humfuata. Wakati ule nyuki wetu walikuwa wakihama ovyo. Leo kundi lipo, kesho mzinga mtupu, na watu walianza kukata tamaa. Aliandika wazi: njoo mwezi wa sita.

Nikacheka. Mwezi wa sita! Wewe mwenyewe unaujua mwezi wa sita wa Singida, upepo unavyokata masikio, wazee wanavyojifunika mablanketi mpaka saa nne asubuhi. Nikajisemea, kama huku kwenye jua kuna baridi hivi, kwenye nchi ya baridi yenyewe si nitakufa? Bora mwezi wa kwanza, sisi tukiwa na joto letu na wao wawe na lao. Isitoshe, mwezi wa sita tunarina asali, na mizinga yangu nilitaka kuirina mwenyewe. Nikajibu kwamba nitakuja mwezi wa kwanza. Mjerumani akaandika tena kwa adabu, akauliza kama nina hakika, maana mwezi huo kazi ni ndogo. Nikasema moyoni, kazi ndogo ndiyo nzuri, tutapata nafasi ya kufundishana. Akili ya kidato cha nne hiyo, mwanangu.

Mwenyekiti wetu, Mzee Ntandu, hakujua kusoma, lakini hapa hakuna aliyewajua nyuki kama yeye. Aliniita pembeni.

"Kijana, huko nyuki wanatoka mwezi gani?"

"Mzee, nyuki ni nyuki. Kote wanatoka."

"Umemuuliza mwenyeji?"

"Mzee, haya mambo ya safari niachie mimi."

Akanitazama, akasema kuuliza si ujinga, akaenda zake. Na asiyesikia la mkuu unajua kinachompata.

Nilifika nikakuta theluji, na jua linazama saa kumi na nusu. Mwenyeji wangu aliniazima koti lake la zamani lililonifikia magotini. Asubuhi yake akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye mizinga iliyopangwa vizuri, yote imefunikwa weupe. Nikamwambia afungue nione. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba nyuki wamejikusanya ndani wakipashana joto, ukifungua unawaua, na malkia mpya halelewi mpaka maua yarudi. Nilitega sikio kwenye ubao nikasikia mvumo mdogo, basi. Wiki tatu nilizokaa kule, kazi niliyojifunza ni kuzoa theluji mlangoni kwa koleo.

Niliporudi, kikundi kizima kilikusanyika kwenye ghala, kina mama wamevaa vitenge vya sikukuu. Nikatoa picha zangu: mimi na koti, mimi na theluji, mimi na koleo. Mzee Ntandu akasubiri zizunguke zote, kisha akasema, "Sasa tuambie, malkia wanamleaje?" Nikaanza kuzungukazunguka, mara barabara zao, mara viazi vyao. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Umekwenda kumtazama mtu aliyelala," akasema, "umerudi kutuambia shuka lake ni jeupe."

Hakuna aliyecheka. Ningefurahi wangecheka.

Mwaliko wa pili haukuja. Wengi waliacha mizinga wakageukia alizeti. Mzee Ntandu alifariki akiwa bado anahangaika kwa njia zake kuwazuia nyuki wasihame, na hilo linaniuma mpaka leo, sikufichi.

Sasa kina mama wenzako wa kikundi chenu cha nyuki wamekuchagua wewe. Mwaliko umekuja, wa kwanza tangu ule wangu, kazi ni ileile ya malkia, na wewe unanijia na theluji! Hivi ni lazima kosa langu ulirudie ndipo ukoo utimie? Nachoka, Zaituni. Nachoka kwelikweli. Mnazo simu zinazojua hali ya hewa ya dunia nzima, mnaziuliza bei ya tiketi tu.

Sikiliza. Kwanza mwandikie mwenyeji leo, muulize analea malkia mwezi gani, na atakaokutajia ndio huohuo, usimbishie. Akisema wa sita, nenda wa sita. Baridi ya Mgori haimfuati mtu kwenye ndege. Lakini sweta beba, asubuhi za kule hazina urafiki. Pasipoti na viza anza kushughulikia mapema, usingoje mwezi wenyewe ugonge mlango, maana haraka haraka haina baraka. Mizinga yako mwachie mama yako na mimi. Kurina bado naweza, magoti ndiyo yanalalamika. Na kabla hujaondoka, pita kwa kila mwanakikundi, muulize anataka kujua nini, uandike. Aliyetumwa na watu hachagui safari kwa raha yake. Theluji utaiona siku nyingine ukienda kwa shughuli zako.

Mwenyezi Mungu akutangulie, mwanangu. Akufikishe nyuki wakiwa kazini, akupe wenyeji wenye subira na macho ya kuona, akurudishe salama kwa waliokutuma. Ukirudi, pitia hapa kwanza kabla ya kwenda ghalani. Nimefuga nyuki maisha yangu yote, mwanangu, nimefika mpaka Ujerumani, na mpaka leo sijui malkia analelewaje.