Aliyeita Mara Moja

Juzi nilimpeleka mwanangu kwenye zahanati moja karibu na Tongoni, mwili unamchemka homa. Ilikuwa saa sita mchana na upepo umekufa. Nyuma ya pazia sauti ya kike nisiyoijua ikaita jina. Kimya. Ikaita jingine. Kimya. Benchi zima lilitazama sakafu.

Kisha ikaita jina la mwanangu. Nikamkumbatia, nikanyamaza.

Kitambo kikapita, mtoto akaanza kukakamaa mikononi mwangu. Nikapiga ukelele. Pazia likafunguka, akatoka binti wa chuo cha uuguzi, mgeni wa bara aliyeletwa kujifunza kazi, kadi zetu mkononi.

"Nimewaita, mbona hamji?"

Nesi wetu wa siku zote akatokea chumba cha sindano, akampokea mtoto. "Umewaita mara ngapi, mwanangu?"

"Mara moja moja, mama."

"Huku anayeita mara moja ni shetani. Binadamu huita mara mbili."

Binti akacheka, akatutazama, akaacha. Akamshika mtoto mkono, nesi akachoma sindano, na baada ya muda mwanangu akafumbua macho.

Wanafunzi wa uuguzi na udaktari waletwe vijijini, tena wengi, wakae miezi. Haya hayamo madaftarini mwao.

Ila wasidhani wanaonyamaza ni wasiosoma. Mimi nina cheti cha kidato cha nne, na shetani sijapata kumwona. Mwanangu aliitwa kutibiwa, nami nikangoja nisikie mara ya pili.