Winifrida Hakujifunika

Wifi yangu Winifrida haamini mtu. Ukimpimia maharage, kwanza anaingiza mkono koponi aone kama kitako hakijabonyezwa. Mtu huyo ndiye aliyeletewa mkwe wa kwenye boti!

Kijana mwenyewe ni Nduwayezu, kwao Kitahana, Kibondo. Alipokuja kwetu Heru Juu kumposa Esteri, binti wa wifi na kaka yangu, alisema anafanya kazi kwenye boti ya abiria, inatoka Dar asubuhi, inafika Unguja, inarudi, inakwenda tena, na usiku yeye analala kwake Dar.

“Inaruka?” wifi aliniuliza pembeni. “Meli ya Kigoma tuliipanda, tukachoka wenyewe. Huyu ana mke Unguja.”

Hata mimi niliingiwa na shaka.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Mama hujifunika kitenge. Siku ile Winifrida hakujifunika. Alimkodolea macho mwanzo mwisho, na kila mtu akaelewa kwamba kijana hajakubaliwa. Esteri alilia hadi nikamwonea huruma.

Mwezi wa saba tulikuwa Dar kwa msiba. Wifi akasema, “Twende tukamfumanie.” Tukapanda boti bila kumwambia mtu.

Ilikimbia kweli. Mbele kidogo mawimbi yakaanza kuitupa huku na huku, watu wakashika matumbo. Nduwayezu alikuwa akigawa mifuko ya kutapikia, akiwatania akina mama, akipiga deki. Alipotufikia aligeuza shingo. Alimpa wifi mfuko huku anatazama dirishani, akaupokea ulipojaa, akafuta sakafu miguuni pake, bado amegeuka.

“Umemwona?” wifi alinong’ona. “Wote anawachekea, mimi hanitazami. Ana la kuficha.”

Nikamfuata hadi mlangoni. “We kijana, yule umemjua?”

“Shikamoo, shangazi. Nimemjua.”

“Mbona unamkwepa?”

Akashangaa. “Yule ni mama mkwe, shangazi. Nimtazame usoni, tena anatapika? Hata kama yeye hajanikubali.”

Niliona aibu. Nikarudi nikamweleza wifi.

Tulipofika Unguja, Nduwayezu alituletea begi letu, akaja kinyumenyume, akaliweka chini. Hapo Winifrida akakivuta kitenge chake kilicholowa, kikapita pua, kikapita macho. Machozi yalinitoka. Nikamshika mkono kumshusha, maana haoni.

“Wifi,” akaniambia humo humo ndani ya kitenge, “wewe unayeona, hebu angalia vizuri. Hakuna mwanamke anayemsubiri?”