Yule Mmarekani na Darasa Langu la Sebuleni

Mke wangu anasema mimi sijui kukaa. Kweli. Hata haya nayaandika nimesimama jikoni, karatasi juu ya mashine ya kufulia, maana nikikaa miguu inacheza yenyewe chini ya meza na yeye ananitolea macho. Basi mnistahimilie nikirukaruka.

Nilikuwa wakili Dar es Salaam miaka kumi na tisa. Hapa London napanga vifurushi ghalani, Edmonton, kwa sababu uwakili wangu wa kule huku hautambuliki, na mitihani ya kuanza upya ilinishinda. Haikunishinda akili, ilinishinda subira. Mtu aliyezoea kusimama mbele ya majaji, leo anasimamiwa na kijana anayemwambia asichelewe kutoka chooni! Niliona nitakufa kwa kisirani. Ndipo nikaanzisha darasa la sheria sebuleni kwetu, kila Jumamosi asubuhi. Walikuja watu watano, Waswahili wenzangu, karibu wote wahudumu wa wazee, kila mmoja na barua ya kaunsili, yaani serikali ya mtaa, au ya uhamiaji ndani ya mkoba. Sikuwatoza kitu. Nilichokitaka mimi ni kusikilizwa.

Na darasa lile sikulibuni, nililiiga. Kulikuwa na mwanasheria mmoja Marekani, zamani hizo, nchi yao yenyewe bado changa. Nilimsoma chuoni, kurasa mbili tu, akanikaa kichwani moja kwa moja. Wakati ule kijana akitaka uwakili anajibanza kwenye ofisi ya wakili mkubwa, ananakili hati mpaka vidole vinakufa ganzi, akibahatika anaelezwa jambo. Bwana huyu akaona wanapotezeana muda. Akaanza kumfundisha shemeji yake nyumbani, wakaja wengine, nyumba ikajaa, na mke wake afya yake ilikuwa ya wasiwasi. Akajenga kibanda cha mbao pembeni ya nyumba, chumba kimoja tu. Vijana wakaja kutoka majimbo ya mbali, wakapanga vyumba kwa watu wa mji. Yeye anasema polepole, wao wanaandika. Shahada hapewi mtu. Wakatoka humo majaji, magavana na wabunge, na baadhi ya madaftari yao yapo mpaka leo.

"Huyo Mmarekani wako walau alijenga kibanda," mke wangu aliniambia siku moja, amesimama mlangoni na kikapu cha nguo, hana pa kupita. "Wewe umeninyang'anya sebule."

Nikacheka, lakini nilikereka. Mengi yalikuwa yananikera. Yule Mmarekani wangu alishirikiana na wakili mwenzake kumtetea mwanamke mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani, wakashinda. Habari hiyo nilimpa kila mgeni aliyeingia darasani, kabla hata hajavua koti. Kuna nyingine niliyokuwa naimeza: katika wanafunzi wake alitoka mmoja aliyekuja kuwa mtetezi mkubwa wa utumwa. Mwalimu yuleyule, chumba kilekile. Nimelizungusha jambo hili kichwani mara ngapi nikipanga vifurushi, na sijalipatia mahali. Unampa mtu ulimi, halafu ulimi si wako tena.

Kati ya wale watano alikuwapo dada mmoja wa Tottenham, mtu wa Pemba, wa miaka arobaini na kidogo, mpole hata ukimkanyaga anakuomba radhi yeye. Mama yake alifariki kwenye flati ya kupanga ya kaunsili waliyokuwa wakiishi pamoja. Sheria ilimpa yeye haki ya kuurithi upangaji wa nyumba ile, ila athibitishe kwamba aliishi humo mwaka mzima kabla ya mama kufariki. Kaunsili wakasema hakuishi, anataka kujipenyeza tu, na wakaomba mahakama imtoe. Sababu? Barua zake zote, za benki, za kazini, zilikuwa na anuani ya kaka yake Woolwich. Jamani, nani kati yetu hajatumia anuani ya ndugu? Masanduku ya barua pale kwao yalikuwa yamevunjwa, barua zinaokotwa ngazini, akaona bora zipitie kwa kaka. Hakujua anajichimbia shimo.

"Nikitolewa pale sina pa kwenda, mwalimu," aliniambia. "Kaka ana watoto wanne vyumba viwili."

Nikaishika kesi ile kama yangu. Kusema kweli, niliishika kwa kuwa nilitaka iwe yangu. Jumamosi nne mfululizo nilimsomea hotuba ya kwenda kuisema mahakamani, nikitembea kati ya televisheni na dirisha, naye aandike neno kwa neno kama wale vijana wa Marekani. Kiingereza cha mahakamani, kile cha zamani, cha kumwinamia jaji kwanza ndipo umng'ate mpinzani. Wenzake walikuwa wanatazamana. Siku moja akaweka kalamu chini.

"Mwalimu, samahani. Yule mwanamke mtumwa, yeye mwenyewe alisema nini mahakamani?"

"Alikuwa na mawakili."

"Najua. Yeye je?"

"Sijui! Sijaliona popote. Andika, dada, muda unakwenda."

Akaandika. Yule hakuwa mtu wa kubishana.

Siku ya kesi ilikuwa Jumanne. Mimi sikuruhusiwa kumsemea, kwa kuwa hapa mimi si wakili. Niliruhusiwa kukaa kando yake, kuandika na kumnong'oneza, basi. Nilivaa suti yangu ya Dar es Salaam, ikanibana kifuani. Mahakama yenyewe ilikuwa chumba kidogo chenye meza ndefu na jagi la maji, na jaji mwanamama mwenye miwani aliyekuwa na mafua. Nikajiambia, tulia baba, leo kazi yako ni kukaa tu.

Mwanasheria wa kaunsili akaanza, kijana mwenye adabu zake. Akamuuliza dada kwa nini hati zake za mshahara zilisema Woolwich. Dada akashika karatasi yetu. Sauti ikatoka kama uzi: kwa unyenyekevu mkubwa, mbele ya mahakama hii tukufu... Jaji akavua miwani. Akamwambia kwa upole ajibu swali tu. Dada akarudi kwenye karatasi, akaanza upya. Kwa unyenyekevu mkubwa.

Nikasimama. Wallahi sikuamua, miguu iliamua. Nikasema napinga swali lile, nikasema linampotosha shahidi, sauti ileile ya zamani, na mkono hewani. Jaji akaniambia nikae. Nikakaa. Kijana akauliza tena swali lake, nikajikuta nimesimama tena. Safari hii jaji hakupandisha sauti. Akaniomba nisubiri nje.

Nje! Miaka kumi na tisa ya uwakili hakuna jaji aliyewahi kunitoa nje. Nilitembea ile korido kutoka mashine ya kahawa hadi mlango wa ngazi sijui mara ngapi, mpaka mlinzi akaniuliza kama nataka msaada. Nilikuwa namuona dada amebaki mle peke yake na karatasi yangu ile ya kijinga, anainama, anaomba radhi, anapoteza nyumba. Nimemfukuzisha. Mimi, si kaunsili. Nilitamani kulia na nilitamani kumpiga mtu.

Ikapita kama saa nzima. Mlango ukafunguka, kijana wa kaunsili akatoka kwanza akinipita haraka, kisha dada. Uso ulikuwa umemvimba kwa kulia, sikuweza kuusoma.

"Vipi?"

"Kanipa," alisema. "Kasema flati ni yangu."

Nikamshika mabega, nikasahau adabu. "Ulisema nini? Hebu niambie, ulisemaje?"

"Niliweka karatasi chini. Nikamwambia namna ya kumgeuza mama kitandani asiumie. Dawa gani saa ngapi. Jirani wa chini anapiga dari nikimuogesha alfajiri. Nikamweleza yale masanduku. Akawa ananiuliza, namjibu, ananiuliza, namjibu." Akajifuta pua kwa ncha ya mtandio. "Usinikasirikie, mwalimu."

"Nikukasirikie kwa nini?"

Aliangalia chini, kisha akaniangalia mimi usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ulipotoka ndipo nikaweza kusema."

Nilifurahi kwa ajili yake, Mungu anajua. Na iliniuma, hilo pia Mungu analijua. Akaniambia, basi twende kwangu nikakupikie chai, mbona umekauka hivyo. Ndani ya basi nilikaa pembeni yake kutoka mahakamani hadi Tottenham, na tuliposhuka alikuwa ameshautoa ufunguo, anatangulia mbele, nami namfuata.