Mgeni Kutoka Nyaramba

Majani chai mabichi yakianza kupata joto ndani ya gunia, ile harufu yake inanirudisha kwetu, na wivu unaamka kama wa jana.

Mbwa wetu alikuwa mzee, na alikuwa wangu. Mama akichuma chai, yeye alilalia miguu yangu. Nikimrushia kijiti aliniangalia tu kama mwalimu wa hesabu. Nikajiambia ni uzee, hajui kucheza.

Halafu mjomba akatuletea mtoto wa mbwa kutoka Nyaramba. Siku ya kwanza tu, huyo mgeni alimuuma mbwa wangu masikio, akaning'inia kwa shingo yake, na mzee wangu akaanguka miguu juu, anacheza. Walibingirika mpaka kwa turubai, juu ya majani Mama alikuwa anachambua kabla ya kupeleka kwa mizani.

"Nani ameachilia mbwa kwa chai yangu?" Mama aliuliza.

"Ni huyu mgeni," nilisema haraka. "Mama, si arudishwe kwao?"

"Huyu ni mtoto, anajua nini? Mwenye makosa ni huyu mzee." Akamfunga mbwa wangu kwa mgomba.

Mgeni alienda akamlalia tumbo. Nikaona nitanyang'anywa hivi hivi, nikaenda nikalala upande ule mwingine. Mzee alimlamba yeye kwanza, polepole, masikio yote mawili. Zamu yangu ilipofika, ulimi ulikuwa umejaa manyoya ya mgeni.