Mafuta ya Mifupa, Presha ya Shosho

Binti yetu wa kwanza alianza kutembea akiwa na miguu iliyopinda nje, magoti hayakutani. Wakati huo tulipanga Mashimoni, Kibera, chumba ambacho jua halikuwahi kukiingia. Hata mchana tuliwasha taa ya koroboi. Nesi wa kliniki alimtazama mara moja akasema ni matege, mwili umekosa vitamini D.

"Huyu anataka jua," akaniambia. "Na mafuta ya ini la samaki, kijiko kila asubuhi."

Jua la Mashimoni lingetoka wapi? Mume wangu, aliyekuwa seremala, akatutafutia chumba Kawangware, kwenye ploti yenye uwanja mpana. Mwenye ploti alikuwa mama mjane wa Kikuyu, mnene, mcheshi, ambaye wapangaji wote tulimwita Shosho, yaani bibi. Sisi watu wa Magharibi mwa Kenya tuliambiwa tutamwogopa kwa kuwa si wa kabila letu, lakini siku ya pili tu alileta kigoda chake akaketi nasi juani, mtoto akimpanda magotini.

Shosho alikuwa na presha. Daktari alimpa vidonge na kumkataza chumvi na mafuta ya kupikia.

Baada ya miezi kadhaa miguu ya mtoto ikaanza kunyooka. Shosho aliipapasa akaniuliza, "Ni haya mafuta?"

"Mafuta na jua, Shosho."

"Kama yananyoosha mfupa, mshipa utayashinda? Presha si ni mshipa umekaza?"

Kwa namna fulani niliona ana hoja. Akanunua chupa yake mwenyewe, akawa anakunywa pamoja na mtoto, wote wawili wakikunja nyuso.

Siku yake ya kliniki nilimsindikiza. Daktari akamfunga kile kitambaa mkononi, akapima, akatabasamu. "Imeshuka vizuri, mama. Endelea na vidonge."

Tulipofika nje Shosho alicheka mpaka akashika ukuta. "Vidonge gani? Niliacha kitambo. Vinanikimbiza choo siku nzima."

Nilisimama pale barabarani nisijue kama nifurahi au niogope. Mume wangu naye alishangaa nilivyohangaika. "Kama imeshuka, imeshuka," akasema. "Unataka nini tena?" Nikarudi kwa yule nesi. Alisema mafuta yale ni ya mifupa, na mtu anaweza kupimwa leo presha ikawa chini, kesho ikapanda. Shosho arudie vidonge upesi.

Nilimfikishia ujumbe. Shosho alinisikiliza kwa heshima.

"Daktari amenipima na mashine," akasema. "Nesi amenipima na nini?"

Yule aliyepima alisema mambo ni mazuri, yule ambaye hakupima alisema ni hatari, na mgonjwa mwenyewe alikuwa akipanda ngazi na kupaka dari chokaa.

Asubuhi moja nilikuwa nikimwogesha mtoto uwanjani. Nikasikia kikombe kikianguka. Shosho aliketi kwenye kigoda chake akiutazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mdomo ulikuwa umeenda upande. Alitaka kuniambia kitu, maneno yakatoka nusunusu. Mume wangu na wapangaji wengine wakambeba hadi barabarani, wakapata gari la kumpeleka hospitali. Presha, walisema huko, ilikuwa juu sana.

Alirudi akiburuta mguu na kula kwa mkono wa kushoto. Maneno yalirudi polepole, Kikuyu kwanza, kisha Kiswahili. Tangu hapo alimeza vidonge mbele yangu kila asubuhi, bila mimi kumwambia. Mafuta pia hakuyaacha. Daktari alimruhusu, mradi asizidishe kijiko kimoja.

"Ya nini tena, Shosho?"

"Nimeyazoea. Na mtoto hakubali kunywa peke yake."

Siku moja nilimuuliza kwa nini, basi, presha ilishuka wakati ule alipokuwa hamezi kitu kingine ila mafuta. Aliuinua mkono mbovu akauweka mapajani.

"Labda ni kukaa na nyinyi nikapumzika," akasema. "Au mashine yao ilikosea."

Nilimuuliza daktari pia. Alisema inaweza kuwa hili, inaweza kuwa lile, kisha akaita mgonjwa mwingine. Shosho aliishi miaka mingi baada ya hapo, na mpaka leo mimi sijui presha ile ilishushwa na nini.