Nyuzi za Sweta la Mama Hadubini

Mama Hadubini alikuwa na miaka kumi na tisa katika maabara ya maji ya mji, na hakuna aliyewahi kumwita mchafu. Ndiyo maana siku mkuu wake, kijana aliyemzidi cheo tu, alipofuta mstari mmoja kwenye ripoti yake, damu ilimchemka.

Alikuwa amechuja maji ya ziwa, lita baada ya lita, na kila karatasi ya kuchujia aliyoiweka chini ya hadubini ilikuwa na nyuzi za buluu, nyuzi za kijani na chembe za plastiki ndogo kuliko yai la chawa. Ni ziwa hilohilo linalojaza sufuria ya binti yake, anayempikia mtoto uji. Na plastiki haitoki kwa kuchemshwa.

“Mama, hizo zimetoka kwenye sweta lako,” mkuu alisema. “Andika ‘uchafu wa maabara’, tumalize.”

Mtu hajashika kichujio tangu azaliwe, lakini habari za sweta anazo!

Mama Hadubini hakubishana. Alivua sweta, akatafuta koti la pamba tupu, akalichovya kwenye rangi mpaka likawa jekundu kama nyanya. Uzi wowote utakaomdondoka sasa utajulikana ni wake. Wenzake wakamcheka kwenye korido.

“Leo unachinja?”

“Subirini, nitawaita kwenye nyama.”

Alilivaa miezi mitatu, kisha akapeleka ripoti mpya. Mkuu alishuka na kidole mpaka kwenye maneno “uzi mwekundu: mmoja”. Uso ukamchangamka.

“Si nilisema? Huu hapa wako!”

“Ni wangu, na nimeuandika mwenyewe. Sasa hizi mia nne na kumi na mbili za buluu na kijani ni za sweta la nani?”

Mkuu akakohoa. Akasema ripoti kama hiyo itawatia watu hofu, afadhali ukurasa huo utolewe. Hofu! Kumbe watu kunywa plastiki si neno, neno ni wakijua.

Mama Hadubini alifungua bomba, akajaza glasi, akaiweka kando ya ripoti.

“Kunywa, mwanangu, kisha uutoe.”

Mkuu aliitazama ile glasi. Mkono wake ukaipita, ukachukua chupa yake ya maji ya dukani. Akapiga funda refu.

“Na hiyo pia nimeipima,” Mama Hadubini alisema. “Iko ukurasa wa sita.”