Alichotafsiri Odete

Odete Mateus alikuwa karani wa ofisi ya kata, huku mpakani, njia ya Kilambo, na watu walimheshimu kwa Kiswahili chake. Barua aliyoiandika yeye haikurudishwa na mkubwa yeyote. Wachache walijua kilichomgharimu. Alivushwa mto Ruvuma mgongoni mwa mama yake wakati wa vita vya ng'ambo, na shuleni aliitwa Mmawia, jina la kuwadharau Wamakonde wa ng'ambo, akachekwa kila neno lilipomkwama. Akaapa kwamba ulimi wake hautamwaibisha tena. Hata nyumbani aliacha Kimakonde. Wazee wakimsemesha, anawajibu kwa Kiswahili, mpaka wakazoea.

Kisha kampuni moja ikajenga jumba la kompyuta pale kitongojini Namwele. Walisema ni la kutunzia kumbukumbu za simu, benki na maofisi, na kwamba wamelileta huku kwa kuwa umeme wa gesi uko karibu. Mitambo ile hupata joto, na joto hupozwa kwa maji, kwa hiyo wakachimba kisima kirefu ndani ya uzio wao. Kiangazi cha pili hakijaisha, visima vya Namwele vikaanza kutoa tope. Ndipo kampuni ikaomba kibali cha kuongeza majumba mawili.

Sheria inataka wananchi wasikilizwe kwanza. Akaja ofisa mazingira, jina lake Innocent, pamoja na wahandisi wa kampuni, mkutano ukaitishwa. Kwa kuwa wazee wengi wa Namwele Kiswahili chao ni cha kuombea chumvi tu, mtendaji wa kata akamsimamisha Odete atafsiri.

Aliyeinuka kusema alikuwa Celia, mdogo wa marehemu mama yake Odete. Alikaza kitenge kiunoni, akazungumza polepole kwa Kimakonde.

"Waambie hivi. Hilo jumba lao linanyonya titi langu, na wajukuu wangu wamesimama wanatazama. Kisima alichochimba mume wangu kinatoa tope. Tunashuka mtoni kwenye mamba. Wakiongeza majumba mengine, sisi tutakunywa nini? Mimi sikubali. Waandike jina langu, kwamba Celia hakubali."

Odete alisikia neno titi, uso ukamwaka. Akawatazama wageni, kompyuta zao mapajani, kalamu zikimsubiri yeye. Akawaza: sasa watasema, ndio hawa, Wamawia wa porini.

"Mama anasema maji yamepungua kiasi," akatafsiri, "na anaiomba kampuni iendelee kuwakumbuka wananchi."

Wageni wakapiga makofi. Walikuwepo vijana wawili watatu waliojua lugha zote mbili. Hao waliinamisha vichwa. Celia aliona makofi, akadhani amesikika. Mkutano ulipovunjika akamshika Odete mkono.

"Umetusemea vizuri, mwanangu. Dada yangu angekuwepo angefurahi."

"Asante, mama mdogo," Odete akajibu, macho yakiwa kwenye magari yanayoondoka.

Wiki sita baadaye nakala ya ripoti ikafika ofisini, akapewa aiweke kwenye faili. Akaifungua. Iliandikwa: wananchi hawakuwa na pingamizi, mkazi mmoja aliomba kukumbukwa. Aliisoma amesimama, kisha akakaa. Hakuna aliyemtuma aseme vile, wala hakupewa kitu. Angekuwa amenunuliwa, pengine angepata la kujitetea. Alimwonea haya mdogo wa mama yake mbele ya watu ambao hata majina yao ameshayasahau.

Siku tatu alizunguka na jambo hilo. Ya nne akaenda Namwele, akamkuta Celia anamenya mihogo. Akamwambia kwa Kimakonde, Kimakonde kibovu kilichoota kutu.

"Mama mdogo, siku ile sikusema ulivyosema."

"Kwani nilisema nini kibaya?"

"Hukusema kibaya. Niliona haya."

"Haya ya nani?"

"Yako."

Celia akaweka kisu chini. Kuku wakasogea kudonoa maganda.

"Kwa hiyo nilisimama mbele ya watu wote," akasema, "nikanyamaza."

Odete aliomba radhi. Celia akaokota kisu, akaendelea kumenya.

Kesho yake Odete aliandika barua kwa ofisi ya mazingira, akaweka maneno ya Celia yote, na titi likiwamo. Innocent akampigia simu.

"Bi Odete, unajua ulichokiandika? Unasema mkutano ulitafsiriwa vibaya, na mtafsiri ni wewe."

"Najua. Ndiyo maana nimetia saini."

Mtendaji alikasirika, akaamuru apewe barua ya onyo. Kwa kuwa karani ni mmoja, Odete aliichapa mwenyewe, akampelekea aitie saini.

Utoaji wa kibali ulisimamishwa, mkutano ukarudiwa. Safari hii alitafsiri mwalimu Gaudensi. Odete alikaa nyuma kabisa, akisubiri mama yake mdogo aseme kama siku ile. Celia aliinuka, akasema: "Kisima kimekauka. Sikubali." Akaketi. Gaudensi alitafsiri neno kwa neno, na yaliandikwa. Ila yale ya titi na wajukuu hayakutoka tena.

Mwishowe kampuni iliruhusiwa jumba moja badala ya mawili. Kisima chake kikafungiwa mita inayosomwa na kamati ya kijiji, na kiangazi marufuku kuvuta maji kupita kiwango. Maji ya Namwele yamerudi, ingawa si kama zamani. Wako wanaosema wameshinda, wako wanaosema jumba lile halikupaswa kuwapo kabisa.

Celia huitikia shikamoo ya Odete, na siku za msiba hukaa jamvi moja. Lakini akiwa na barua ya kuandikiwa, huja ofisini na Gaudensi, ili mwalimu asikilize inaposomwa kama ndivyo alivyosema yeye. Odete humtafutia mwalimu kiti kwanza, ndipo huchukua kalamu.